Wanamapinduzi wa Marekani na Ufaransa walimwonaje binadamu walipotunga sheria?

Mdadisi wa Katiba anauliza:

Ndugu wasomaji, salaam. Nimekuwa nikisoma historia ya mapinduzi mawili makubwa ya karne ya 18, ya Marekani na ya Ufaransa, na kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya utangulizi hulieleza kwa wepesi unaonitia shaka. Husemwa kwamba waasisi wa Marekani walimwona binadamu kuwa kiumbe mwovu, mwenye tamaa ya mali na madaraka, na ndiyo maana Katiba yao ya 1787 ikagawa madaraka na kuweka vizuizi kila upande. Ilhali Wafaransa, kwa kumfuata mwanafalsafa Rousseau, waliamini kwamba binadamu huzaliwa mwema na kuharibiwa na jamii, hivyo wakadhani kwamba wakiufuta ukabaila wema huo utachipua wenyewe. Kisha hufuata hitimisho: Wamarekani walifaulu kwa kuwa walimjua binadamu, na Wafaransa wakaishia kwenye gilotini kwa kuwa hawakumjua.

Maelezo haya yananikwaza kwa sababu mbili. Kwanza, Tamko la Uhuru la tarehe 4 Julai 1776 halisomeki kama maandishi ya watu wanaomdharau binadamu, kwa kuwa linamkabidhi haki ya kuiondoa serikali yake na kujiundia nyingine. Pili, Robespierre, mwanasiasa wa mapinduzi ya Ufaransa ambaye jina lake halitengani na Utawala wa Hofu, yaani kipindi cha 1793 na 1794 ambapo maelfu waliuawa kwa gilotini, ndiye aliyesimama bungeni tarehe 30 Mei 1791 kudai hukumu ya kifo ifutwe kabisa. Sielewi ni nadharia gani moja kuhusu hulka ya binadamu inayoweza kubeba hotuba ile na yale yaliyofuata.

Kwa hiyo nauliza: je, watunga sheria hawa walikuwa na wazo linaloeleweka kuhusu binadamu ni nani, na je, wazo hilo linaonekana ndani ya sheria zenyewe, au ni mapambo ya hotuba tu? Nitashukuru kupata majibu yanayotaja vifungu.

Wakili Mstaafu anajibu:

Ndugu Mdadisi, umefanya vema kutaka vifungu. Hotuba hueleza kile ambacho msemaji angependa kiaminiwe, lakini kifungu cha sheria hufichua kile ambacho mwandishi wake aliogopa kwamba kingetokea kama kisingeandikwa.

Kwa maoni yangu ufunguo wa upande wa Marekani uko kwa mwanafalsafa wa Scotland, David Hume. Mwaka 1741 aliandika kwamba anayebuni mfumo wa serikali anapaswa kumchukulia kila mtu kuwa ni laghai asiye na lengo lolote ila maslahi yake. Wengi humnukuu hadi hapo na kumwacha, ilhali sentensi inayofuata ndiyo yenye uzito: Hume mwenyewe aliona ni ajabu kwamba kanuni iwe ya kweli katika siasa na wakati huo huo iwe ya uongo katika hali halisi. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtu akiwa peke yake huzuiwa na haya na kujali heshima yake, lakini akiwa ndani ya kundi, ambamo wenzake watampongeza kwa lolote lenye faida kwa upande wao, kizuizi hicho hulegea. Kwa hiyo dhana ya ulaghai ni tahadhari ya fundi anayejenga, si hukumu juu ya moyo wa kila mwananchi.

Ukiishika tofauti hiyo utamsoma James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa Katiba ya Marekani, kwa namna nyingine. Tarehe 6 Februari 1788, katika mfululizo wa makala 85 aliouandika pamoja na Hamilton na Jay kwa jina la bandia la Publius, alisema kwamba kama binadamu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika. Sentensi hiyo imerudiwa mno hata imefunika nyingine aliyoiandika mwezi huo huo, kwamba upo uovu fulani ndani ya binadamu unaohitaji tahadhari, lakini zipo pia sifa nyingine zinazostahili heshima na imani, na kwamba utawala wa jamhuri huzitegemea sifa hizo kuliko utawala mwingine wowote. Anayeamini kwamba watu wote ni waovu hawezi kupendekeza jamhuri. Atapendekeza mfalme mwenye jeshi kubwa.

Angalia sasa jinsi wazo hilo lilivyoingia katika vifungu. Madison alitaka tamaa ipambanishwe na tamaa, yaani maslahi binafsi ya mwenye cheo yafungwe kwenye ulinzi wa cheo chenyewe, ili rais akitetea heshima yake awe anatetea mipaka ya mhimili wake bila hata kukusudia. Ndiyo maana Katiba inasema malipo ya rais hayawezi kuongezwa wala kupunguzwa katika kipindi chake: Bunge lisimhonge, wala lisimtishe kwa njaa. Mshahara wa jaji hauwezi kupunguzwa maadamu yumo kazini. Vifungu hivi vidogo, ambavyo wasomaji wengi huviruka, vina nadharia nzima ya binadamu ndani yake, nayo ni kwamba mtu wa kawaida, asiye mwovu wala mtakatifu, huyumba pale riziki yake inapokuwa mikononi mwa anayepaswa kumdhibiti.

Kulikuwa na njia nyingine, na ilijadiliwa. Tarehe 2 Juni 1787, mjini Philadelphia, Benjamin Franklin, aliyekuwa na umri wa miaka 81, alipendekeza wakuu wa serikali wasilipwe mshahara kabisa. Hotuba yake, iliyosomwa na James Wilson kwa niaba yake, ilisema kwamba mambo mawili huwatawala binadamu, tamaa ya madaraka na tamaa ya fedha, na kwamba ukiyaunganisha katika cheo kimoja utawavuta wagombea wakorofi na wenye uchu, si wapenda amani. Mfano wake ulikuwa Washington mwenyewe, aliyekuwa rais wa mkutano huo, ambaye aliliongoza jeshi kwa miaka 8 bila mshahara. Hamilton aliunga mkono hoja ili tu isianguke bila kujadiliwa, kisha ikawekwa kando. Madison aliandika katika kumbukumbu zake kwamba ilipokewa kwa heshima kubwa, ila heshima ile ilikuwa ya mwenye hoja kuliko ya hoja. Kwa hakika Franklin ndiye aliyekuwa na shaka kubwa kuliko wenzake, lakini dawa yake ilitegemea wapatikane watu wema kupita kiasi. Wenzake walitaka muundo unaoweza kuendeshwa na watu wa wastani.

Jambo la mwisho, kwa kuwa vitabu ulivyosoma hulisahau: Wamarekani hawakuanza na shaka. Katiba ya Pennsylvania ya 1776 iliweka bunge lenye chumba kimoja, bila gavana, pamoja na baraza la utendaji la watu 12. Wabunge walichaguliwa kila mwaka na hawakuruhusiwa kutumikia zaidi ya miaka 4 katika kila 7, na miswada ilichapishwa ili wananchi waisome kabla ya kupitishwa. Hapo palikuwa na imani kwa umma ambayo Paris haikuizidi. Katiba hiyo ilibadilishwa mwaka 1790, ikaja nyingine yenye gavana na vyumba viwili vya bunge. Shaka ya 1787 ilikuwa somo la miaka 11 ya kutawala, baada ya fedha za karatasi za Rhode Island na uasi wa wakulima wenye madeni wa Massachusetts wa 1786 na 1787. Haikuwa imani ya kurithi.

Msomaji wa Sheria za Jinai anajibu:

Shikamoo Mzee Wakili, na salaam kwako ndugu Mdadisi. Upande wa Marekani umeelezwa vya kutosha, nami nitabaki Ufaransa, mahali ambapo mjadala wa hulka ya binadamu haumo sana katika katiba bali katika sheria za adhabu na mipango ya elimu.

Tuanze hata hivyo na Tamko la Haki za Binadamu na za Raia la tarehe 26 Agosti 1789. Utangulizi wake unadai kwamba kutojua haki za binadamu, kuzisahau au kuzidharau ndiko chanzo pekee cha maafa ya umma na ufisadi wa serikali. Zingatia hilo neno *pekee*. Dhambi ya asili haikutajwa, wala tamaa, wala wivu, wala njaa. Kama chanzo ni ujinga na usahaulifu, basi dawa ni kuandika haki hizo na kuzibandika mahali ambapo kila mtu atazisoma, na ndivyo wajumbe walivyosema kwamba walikuwa wakifanya. Siku chache baadaye, tarehe 10 Septemba, walikataa kuwa na chumba cha pili cha bunge kwa kura 849 dhidi ya 89. Ila tusikimbilie kusema kwamba huo ulikuwa wepesi wa kuamini: wengi wao waliogopa kwamba chumba hicho kingekuwa ngome ya makabaila, kwa hiyo nao walikuwa na shaka yao, iliyoelekezwa kwa tabaka na si kwa binadamu kwa jumla.

Sasa twende kwenye Kanuni za Adhabu za 1791, ambazo kwangu mimi ndizo andiko la kina kuliko yote ya kipindi kile kuhusu suala hili. Aliyeziwasilisha ni Louis-Michel Lepeletier, kabaila aliyegeuka mwanamapinduzi, na nyuma yake kilisimama kitabu cha Mwitaliano Cesare Beccaria cha 1764 kuhusu makosa na adhabu. Kila kosa lilipewa adhabu moja isiyobadilika, jaji asiwe na nafasi ya kuongeza wala kupunguza. Uzushi, uchawi na kukufuru hayakuwemo tena katika orodha ya makosa. Lepeletier alipendekeza pia hukumu ya kifo ifutwe, lakini wabunge waliibakiza kwa sharti kwamba iwe ni kuondoa uhai tu, bila mateso ya aina yoyote.

Cha ajabu zaidi ni kwamba kifungo cha maisha kilifutwa, na adhabu ndefu kuliko zote baada ya kifo ikawa miaka 24 ya kazi ngumu kwa minyororo. Kwa mtu wa leo hili laweza kuonekana kinyume, kumwachia mtu kichwa kikatwe lakini kukataa asifungwe maisha. Hoja ya wabunge ilikuwa kwamba adhabu isiyo na mwisho humnyima binadamu tumaini, na asiye na tumaini hana sababu ya kujirekebisha. Walifika hatua ya kubuni ibada ya kiraia: aliyemaliza kifungo chake, baada ya miaka 10 ya mwenendo mwema, aliweza kupelekwa mbele ya mahakama na maofisa wawili wa manispaa waliovaa mishipi yao ya kazi, nao wangetamka kwamba mtu huyu amelipia kosa lake na kuomba doa lifutwe. Zamani mhalifu alichomwa alama kwa chuma cha moto ili isifutike mwilini. Sheria ya 1791 iliacha kumchoma na ikaweka utaratibu wa kulifuta lile doa la sifa. Napoleon alipotunga kanuni zake mwaka 1810 alirudisha kazi ngumu ya maisha na chuma cha moto, pamoja na kukatwa mkono wa kulia kwa aliyemuua mzazi wake kabla hajakatwa kichwa kwa gilotini.

Kwa hiyo ni kweli kwamba Wafaransa waliamini binadamu anaweza kubadilika, lakini waligawanyika vikali kuhusu nani ana ruhusa ya kumbadilisha. Condorcet, mwanafalsafa na mbunge, alipowasilisha mpango wake wa elimu mwezi Aprili 1792 alitaka shule zifundishe maarifa na kukuza akili, huku zikiwa huru dhidi ya serikali, kwa sababu serikali isiyoweza kukosolewa na watu iliowasomesha itakuwa imejitengenezea raia watiifu. Hata katiba, alisema, isifundishwe kama kitu cha kuabudiwa. Lepeletier alikuwa na mawazo tofauti. Aliuawa tarehe 20 Januari 1793 na mlinzi wa zamani wa mfalme, na mpango wake ukasomwa bungeni na Robespierre tarehe 13 Julai mwaka huo. Ulitaka wavulana kuanzia miaka 5 hadi 12, na wasichana kuanzia miaka 5 hadi 11, waondolewe majumbani na kulelewa pamoja kwa gharama ya taifa, wakivaa nguo za namna moja, wakila chakula kimoja na kufunzwa kwa namna moja. Hapo ndipo Rousseau anapoonekana, si yule wa wema wa kuzaliwa bali yule aliyesema mwaka 1762 kwamba anayethubutu kuliundia taifa sheria lazima ajione ana uwezo wa kubadilisha hulka yenyewe ya binadamu. Mpango ule haukutekelezwa. Wazazi wangeupokeaje, hilo kila mzazi anaweza kulikisia.

Mdadisi wa Katiba:

Nashukuru sana nyote wawili. Dada Msomaji, lile la mishipi ya maofisa sikuwahi kulisikia, na linabadilisha picha niliyokuwa nayo. Lakini swali la Robespierre bado halijajibiwa. Kati ya hotuba ya Mei 1791 na sheria ya mahakama ya mapinduzi ya tarehe 22 Prairial kwa kalenda ya mapinduzi, yaani 10 Juni 1794, ni miaka mitatu tu. Je, alibadilisha wazo lake kuhusu binadamu, au wazo lilikuwa lile lile na likazaa matunda mengine?

Wakili Mstaafu anajibu:

Nadhani wazo lilibaki ila mlengwa wa shaka akabadilika, nami nitaeleza.

Katika hotuba yake ya tarehe 10 Mei 1793 kuhusu katiba, Robespierre alisema waziwazi kwamba lengo la kwanza la katiba yoyote ni kulinda uhuru wa umma na wa mtu binafsi dhidi ya serikali yenyewe. Akaweka kanuni aliyoiona haipingiki: umma ni mwema, na wajumbe wake wanaweza kufisadika. Nusu ya kanuni hiyo Madison angeisaini bila kusita. Walipotofautiana ni kwenye dawa. Robespierre aliudhihaki mzani wa madaraka wa Kiingereza. Yeye alitaka wajumbe watazamwe, hata akapendekeza bunge likutane katika jengo linaloweza kuchukua watazamaji 12,000. Hebu fikiri mbunge anavyojisikia mbele ya macho hayo yote. Hii nayo ni nadharia ya hulka ya binadamu, na si ya kipuuzi: inategemea ile haya ambayo Hume alisema ndiyo kizuizi cha mtu mmoja mmoja.

Kasoro imo katika ile nusu nyingine, ya umma mwema. Ukishaandika kwamba umma ni mwema kwa asili yake, unabaki na tatizo la yule mwananchi anayepinga, kwa sababu hawezi kuwa sehemu ya umma mwema na papo hapo akawa anaupinga. Sheria ya Washukiwa ya tarehe 17 Septemba 1793 iliagiza wakamatwe wale ambao kwa mwenendo, uhusiano, maneno au maandishi yao walijionyesha kuwa wafuasi wa udhalimu, na vilevile makabaila wa zamani ambao hawakuonyesha daima mapenzi yao kwa mapinduzi. Linganisha na kile kifungu cha mshahara wa rais. Pale Marekani sheria haijali rais anawaza nini, imemwekea mazingira. Hapa sheria inadai kuuona moyo wa raia. Sheria ya 22 Prairial, iliyowasilishwa na Couthon, mshirika wa Robespierre, ilikamilisha mantiki hiyo: mshitakiwa hakuwa na wakili, ushahidi wa kimaadili ulitosha, na adhabu ilikuwa kifo tu. Katika wiki saba zilizofuata zaidi ya watu 1,300 waliuawa Paris peke yake, hadi Robespierre mwenyewe alipopandishwa jukwaani tarehe 28 Julai.

Kwa muhtasari wa kiwakili: shaka juu ya cheo huzaa utaratibu, na shaka juu ya moyo huzaa orodha ya majina.

Mwanahistoria wa Vita anajibu:

Mzee Wakili, kwa heshima zote, naona umeipa nadharia kazi kubwa mno. Mwezi Septemba 1793 Ufaransa ilikuwa ikipigana na Austria, Prussia, Uingereza na Hispania kwa pamoja, eneo la Vendée, magharibi mwa nchi, lilikuwa limeasi tangu Machi, na bandari ya Toulon ilikuwa imekabidhiwa kwa Waingereza wiki tatu hivi kabla ya sheria unayoitaja. Katiba ya Juni 1793, iliyopigiwa kura na wananchi, iliahirishwa tarehe 10 Oktoba kwa tangazo kwamba serikali itakuwa ya kimapinduzi hadi amani ipatikane. Madison aliandika makala zake wakati wa amani, miaka minne baada ya Uingereza kukubali kushindwa na huku bahari nzima ikimtenga na majeshi ya Ulaya. Mweke Madison Paris akiwa amezingirwa, ndipo tujadili hulka ya binadamu.

Nakubali jambo moja dhidi ya hoja yangu mwenyewe: sheria ya Prairial ilikuja wakati hatari ilikuwa ikipungua, na ushindi wa Ufaransa huko Fleurus ulipatikana tarehe 26 Juni 1794, huku mauaji yakizidi kasi. Vita vinaeleza mwanzo wa Utawala wa Hofu kuliko vinavyoeleza mwisho wake.

Msomi wa Karibi anajibu:

Ndugu zangu, mmezungumza kwa kina kuhusu binadamu kuwa mwema au mwovu, lakini watunga sheria wale walilazimika kwanza kuamua nani wanamhesabu, na nadharia yao ya hulka ilifanya kazi kubwa zaidi hapo kuliko penginepo.

Kigezo kilikuwa utegemezi. Tarehe 26 Mei 1776 John Adams alimwandikia James Sullivan kwamba watu wasio na mali humtegemea mwingine kiasi cha kukosa utashi wao wenyewe, kwa hiyo wakipewa kura wataipiga kwa matakwa ya bwana wao. Wafaransa walifuata njia hiyo hiyo waliposema kwamba raia mwenye kura lazima alipe kodi inayolingana na ujira wa siku tatu na asiwe mtumishi wa nyumbani. Wanawake waliachwa bila hata kuhitaji maelezo. Condorcet ndiye aliyeyadai maelezo hayo, tarehe 3 Julai 1790. Haki, alisema, hutokana na binadamu kuwa kiumbe chenye hisia na uwezo wa kupata mawazo ya kimaadili, na wanawake wanazo sifa hizo. Kama mimba na maradhi ya kupita ni sababu ya kuwanyima haki, mbona hakuna aliyewahi kufikiria kuwanyima wale wanaougua jongo kila kipupwe? Bunge halikumjibu.

Kuhusu watumwa, Katiba ya 1787 iliwahesabu watano kama watu watatu katika kugawa viti vya uwakilishi, na ikakataza Bunge lisizuie uingizaji wao kabla ya 1808. Jefferson, aliyemiliki mamia ya watu katika maisha yake, aliandika katika kitabu chake kuhusu Virginia maneno ambayo Mzee Wakili angeyapenda: kwamba mahusiano yote ya bwana na mtumwa ni mazoezi ya kudumu ya udhalimu, kwamba mtoto hutazama na kuiga, na kwamba anayebaki na tabia njema katika mazingira hayo ni mtu wa ajabu. Katika kitabu hicho hicho alieleza dhana yake kwamba watu weusi ni duni kwa akili. Alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba cheo cha bwana humharibu mwenye cheo, na hakuna kifungu cha 1787 kilichokiwekea cheo hicho kizuizi hata kimoja.

Jibu lilitoka Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, ambako watumwa waliasi mwezi Agosti 1791. Paris ilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, na Haiti ikajitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Katiba ya Dessalines, mtawala wa kwanza wa Haiti huru, ya Mei 1805 inafaa isomwe kando ya ile ya Ufaransa ya 1795, ambayo Wafaransa waliiandika baada ya kuchoshwa na Utawala wa Hofu. Ile ya 1795 ilikuwa na vyumba viwili vya bunge, cha Wazee kikiwa na wajumbe 250 waliotakiwa kuwa na angalau miaka 40 na wawe wameoa au wamefiwa na wake zao, na iliongeza tamko la wajibu linalosema kwamba si raia mwema asiyekuwa mwana mwema, baba mwema, ndugu mwema, rafiki mwema na mume mwema. Ibara ya 9 ya Haiti iliichukua kauli hiyo na kuigeuza: hastahili kuwa Mhaiti asiyekuwa baba mwema, mwana mwema, mume mwema na, zaidi ya yote, askari mwema. Ibara ya 11 ilimtaka kila raia awe na ufundi wa mikono, na ibara ya 14 iliwaita Wahaiti wote watu weusi, wakiwemo Wajerumani na Wapolandi waliopewa uraia.

Hapo hoja ya Mzee Wakili inapata jaribio lake, kwa kuwa katiba hiyo ilidai mengi kutoka kwa moyo wa raia na karibu haikudai kitu kutoka kwa cheo cha juu. Mfalme Mkuu, yaani Dessalines, alitunga sheria, akazitia muhuri na kuzitangaza mwenyewe. Tarehe 17 Oktoba 1806 aliuawa kwa njama za maofisa wake. Katiba mpya ya Desemba mwaka huo ikaegemea upande wa pili kabisa, Seneti ya watu 24 yenye nguvu na rais asiye na nguvu, na Bunge la Katiba likamteua Henri Christophe kuwa rais. Christophe alipousoma mpango huo aliukataa, akaenda na jeshi lake kuishambulia Port-au-Prince, na aliposhindwa kuiteka akarudi kuunda dola yake kaskazini.